Presha ya macho: Usiache dawa kwa kuwa huoni nafuu

“Daktari, nimetia dawa miezi mitatu na bado sioni vizuri.” Maneno haya huyasikia mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa ambao presha ya macho, yaani glakoma, imefika mbali. Wengi huishia kuacha dawa. Hilo ni kosa kubwa.

Ndani ya jicho mna majimaji (si machozi) ambayo hutengenezwa na kutoka kila wakati. Yakizuiwa kutoka, presha hupanda na kuharibu neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva hiyo ikishakufa haifufuki. Kwa hivyo matone, na hata upasuaji, hayarudishi ulichopoteza. Kazi yake ni kushusha presha ili usipoteze kilichobaki. Na kwa mtu anayeona kama anayechungulia kwenye tundu, hicho kidogo ndicho kinachomwezesha kuutambua uso wa mjukuu wake.

Basi tia dawa kila siku kwa saa uliyoagizwa. Vuta kope la chini, tia tone moja tu, fumba jicho, kisha bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isiteremkie kooni. Ikiwa una dawa ya pili, ngoja dakika tano. Kama una pumu au ugonjwa wa moyo, mwambie daktari mapema, maana timolol, dawa inayotumiwa sana, inaweza kukubana kifua vibaya. Tena usijinunulie matone yenye steroidi eti macho yanawasha. Huweza kupandisha presha.

Nyumbani, paka kingo za ngazi rangi nyeupe, ongeza mwangaza, na uwaombe watoto wasihamishe viti ovyo. Barabarani, geuza kichwa chote kulia na kushoto kabla ya kuvuka, kwani bodaboda inayotoka kando hutaiona. Kuendesha gari, acha hadi daktari wa macho akupime upana wa kuona. Najua kwa dereva wa teksi hiyo ndiyo riziki, na huwa sifurahii kumwambia.

Ndugu zako wa tumbo moja, na watoto wako waliotimiza miaka 40, wapimwe pia hata kama wanaona vizuri. Glakoma iliyo ya kawaida kwetu haiumi, na hupita katika jamaa. Ukienda kliniki wiki ijayo, nenda nao.