Kigango na Neno "Sanamu"

Mwalimu awaonyeshaye wanafunzi sanaa za kienyeji za mataifa huwa na desturi ya kuanza na umbo: mistari, rangi, nakshi. Kwa kikapu au chungu njia hiyo yafaa. Kwa kigango cha Wamijikenda wa pwani ya Kenya yapotosha. Mwanafunzi huona ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu, akauita sanamu. Lakini sanamu ni mfano wa kitu, na kigango hakichongwi ili kifanane na sura ya marehemu. Husimikwa kwa ajili ya roho ya mtu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, hutolewa sadaka mbele yake, na hakipaswi kung'olewa, hata kikiliwa na mchwa.

Tukiweka kando yake mfano wa mbali, jambo hili hudhihirika zaidi. Wazuni wa New Mexico, Marekani, huchonga miungu ya vita iitwayo Ahayuda na kuiacha mahali pa wazi ioze, kwani kwa imani yao iozapo nguvu zake hurudi ardhini. Mwaka 1978 viongozi wao walianza kuidai irudishwe na makumbusho yaliyokuwa yakiitunza isioze. Utunzaji huo, kwao, ulikuwa uharibifu.

Basi swali la umbo na lingoje. Kwanza iulizwe kitu kilisimama wapi, na nani alikiondoa. Vigango vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi Kenya kutoka Marekani mwaka 2007.