Waliochomewa

Ukishuka Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, tazama kusini. Mlima unaosimama peke yake juu ya nyika ni Kasigau, mita 1,641. Barabara ya vumbi inatoka hapo, inakatiza kwenye ranchi, inakufikisha Rukanga. Ukiendelea kuuzunguka mlima utapita Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Wadi ya Marungu na wadi ya Kasigau zimepakana, na ukianza kurekodi wazee wa Marungu kuhusu mambo ya zamani, haichukui muda kabla mmoja hajanyosha kidole kuelekea mlimani.

Mwezi wa Agosti 1915 vijiji vya Kasigau vilitiwa moto. Ilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta mwaka mmoja kabla, na vikosi vyao vilikuwa vikipenya nyikani kuja kulipua reli ya Uganda. Waingereza walikuwa na kituo cha askari Kasigau. Kituo kiliposhambuliwa, serikali ya kikoloni iliwatuhumu wenyeji kwamba ndio waliomwonyesha adui njia. Adhabu ilikuwa moto huo, na haikumtafuta mtu mmoja wala wawili. Wazee, wanawake, watoto wachanga, wote walikusanywa wakapelekwa Malindi, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwao, kwenye joto na malaria ambayo miili ya watu wa mlimani haikuyazoea. Njaa na maradhi viliua wengi. Ruhusa ya kukaa tena Kasigau ilipatikana katikati ya miaka ya 1930. Mtoto aliyetoka amebebwa mgongoni aliweza kurudi akiwa amembeba wake.

Kazi yangu ni kukusanya simulizi za namna hii, na watu huniuliza: mtajuaje kwamba mzee anasema kweli, ilhali siku ile hakuwapo? Ni swali la haki. Tuanze na neno moja.

Mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 atakwambia, "Tulichomewa nyumba." Mtafiti kijana hutaka kumsahihisha, kwa kuwa mzee hakuwa amezaliwa. Hapo atapoteza nusu ya ushahidi. Lisikilize vizuri neno hilo. "Nyumba zilichomwa" ni habari za nyumba. "Tulichomewa" ni habari za watu, wale ambao moto ule uliwaangukia wao. Na ile "tu" ya mwanzo haidai kwamba yeye alikuwapo. Inasema ukoo wake ulikuwapo, na kwamba yeye ni sehemu ya ukoo huo. Lugha ya ofisi hupenda kitenzi kisicho na mwenyewe: watu walihamishwa, eneo likaondolewa wakazi. Ukisoma ripoti tupu hutajua nani alishika kibiriti, wala nani alikuwa ndani akipika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kumsahihisha. Ni kumuuliza kwa upole: "Haya uliyapata kwa nani?" Jan Vansina, mwanahistoria aliyefanya kazi Kongo na Rwanda na kuchapisha kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961, alifundisha kwamba simulizi ni mnyororo, na kila pete yake inahesabika. Kama bibi alimwambia mama, na mama akamwambia huyu, andika hivyo. Uliza pia walikuwa wakifanya nini walipoambiana. Hadithi iliyosimuliwa shambani, mikono ikipalilia, huwa na mambo ya chakula na miguu. Ile iliyosimuliwa barazani mbele ya wageni huwa na mambo ya machifu. Zote mbili ni za kweli, lakini hazijibu swali moja. Kisha nenda Bungule ukamuulize mtu mwingine, wa ukoo mwingine. Yanapokubaliana mambo madogo ambayo hakuna sababu ya mtu kuyatunga, hapo unaanza kuwa na nguvu ya kuyaweka karibu na faili zilizoko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Nairobi.

Kuna kosa moja ninalolichukia kwa dhati. Ni kuanza mazungumzo kwa kuuliza, "Je, ni kweli watu wa Kasigau waliwasaidia Wajerumani?" Ukianza hivyo umemketisha mzee kizimbani. Kila atakachosema baada ya hapo kitakuwa utetezi, na wewe umeshakaa kwenye kiti cha yule aliyetoa amri ya moto. Swali hilo lina nafasi yake, na jibu liandikwe hata kama litakuudhi. Lakini lije mwishoni. Anza na maji. Walipitia wapi, walikunywa nini, nani aliachwa njiani, nani alizaliwa huko na akapewa jina gani. Mateso yanasimuliwa haraka, kwa sentensi mbili. Ni kule kunusurika kunakohitaji subira ya msikilizaji, kwa kuwa kulifanyika kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka ipatayo 20.

Nadhani hiyo pia ndiyo sababu Kasigau haijulikani kama inavyostahili. Kenya nzima inamjua Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyekamatwa mwaka 1913, akapelekwa mpaka Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Simulizi yake ina mtu mmoja wa kumfuata kwa macho. Kasigau haina shujaa mmoja. Ina kundi la watu waliotembea, wakazika, wakalima ugenini, wakangoja. Anayeandika hushawishika kumtunga shujaa ili msomaji asichoke. Asifanye hivyo. Msomaji akija kugundua, hataamini tena hata ule moto.

Na tukiziweka simulizi hizi mbili pamoja, kuna jambo linajitokeza. Mwaka 1914, mwaka mmoja tu kabla, Waingereza walikuwa wamewachomea Wagiriama nyumba, wakawatoza faini ya rupia 100,000, wakawataka watoe vibarua 1,000, na kuwafukuza kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Kwa hiyo Wakasigau walipelekwa upande ule ule wa pwani ambako majivu ya wengine yalikuwa hayajapoa. Mtu anayekusanya simulizi Rukanga na asiende kuuliza Malindi amefanya nusu ya kazi.

Yapo pia yale ambayo hakuna karani angeyaandika. Wataita, ambao Wakasigau ni sehemu yao, walikuwa na desturi ya kufukua mafuvu ya wazee wao waliofariki na kuyahifadhi mapangoni, na walikuwa na fighi, misitu mitakatifu ya kuilinda nchi. Kumtoa mtu wa desturi hiyo kwenye mlima wake ni kumtenga na wafu wake pia. Hasara hiyo haihesabiki kwa nyumba wala mbuzi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake mwaka 2013, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka nchi nzima, na ni jambo la kushukuru. Ila fomu ina mistari yake, na huzuni ya namna hii haiingii kwenye mstari.

Kanuni yangu ya mwisho ni kurudi na karatasi. Nikishanukuu, namsomea mwenye simulizi neno kwa neno, kwa sababu yaliyomo ni yake.

Nilimsomea mama mmoja mzee uani kwake, kuku wakidonoa mahindi chini ya kiti, sauti za malori zikitufikia kutoka barabarani. Alisikiliza macho yameelekea chini. Nilipofika sehemu ya miaka ya 1930 nikasoma: "Kisha serikali ikawarudisha Kasigau."

Akainua mkono.

"Mwanangu, hapo futa."

"Niandike nini, mama?"

"Andika, tulirudi."

Akangoja mpaka akaiona kalamu inatembea, kisha akaniambia niendelee kusoma.