Tundu Moja Chini ya Kigae

Mvua za vuli zinapoanza kuamsha kumbikumbi, makundi ya kozi wadogo huingia kwenye nyika za Kenya na Tanzania yakitokea kaskazini. Ni ndege mwepesi, gramu 150 hivi. Dume ana kichwa cha kijivu kinachoelekea buluu na mgongo wa rangi ya matofali usio na doa, na kucha zake ni nyeupe, tofauti na kucha nyeusi za ndugu zake wengi. Wataalamu humwita Falco naumanni. Huwafuata panzi na kumbikumbi hadi kusini mwa Afrika, kisha kuanzia Machi hurudi kaskazini kuzaa. Huko hatafuti msitu. Mara nyingi hutafuta jengo: paa la kanisa, ukuta wa ngome, gofu la nyumba ya shambani, kuanzia Ureno na Hispania hadi Asia ya Kati. Kwa hiyo uhai wa ndege huyu, anayewinda wadudu angani kwetu, umo pia mikononi mwa fundi wa paa aliye maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Sababu ni kwamba kozi hajengi kiota. Hakusanyi vijiti wala hafumi majani kama mnana. Jike hutaga mayai yake, matatu hadi matano kwa kawaida, juu ya vumbi tupu ndani ya tundu lenye giza na kivuli, na kuyaatamia kwa takriban wiki nne. Zamani matundu hayo yalikuwa kwenye majabali. Wanadamu walipojenga kwa mawe na kuezeka kwa vigae vya udongo vilivyopinda, walimtengenezea majabali mapya bila kukusudia, kwa kuwa chini ya kila kigae cha ukingoni palibaki uwazi wa kumtosha kupenya. Ndege akahamia mjini, akaishi na watu karne kwa karne. Kisha ukaja ukarabati wa kisasa. Ncha za vigae zikazibwa kwa saruji, nyufa zikapigwa plasta, na magofu ya kuta za udongo mashambani yakaporomoka yenyewe. Mlango wa nyumba yake ukafungwa, na aliyeufunga hakujua kwamba ndani kuna mwenyeji. Wakati huohuo kilimo kilibadilika na wadudu wakapungua mashambani. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, idadi ya kozi hawa Ulaya magharibi iliporomoka vibaya.

Je, kumrudishia tundu kunasaidia kweli, au ni huruma isiyo na faida? Ushahidi wa Ureno unajibu vizuri. Mwaka 1996 nchi nzima ilikuwa na jozi 155 hadi 158 tu za kozi hawa. Wahifadhi wakaanza kuwawekea masanduku ya mbao na vyungu vya udongo, wakatoboa matundu kwenye magofu yaliyosalia, na katika uwanda wa Castro Verde wakasimamisha kuta na minara iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya ndege hao. Kufikia 2007 jozi zilikuwa zimefika kati ya 527 na 552, na takriban nusu yake zilizaa ndani ya viota hivyo vya kutengenezwa. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba tundu lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokosekana hasa. Hispania nayo, katika jimbo la Extremadura, imeyatangaza maeneo kadhaa ya miji yake mikongwe, kama Trujillo na Cáceres, kuwa hifadhi za ndege kwa sababu ya kozi hawa. Mapaa ya makanisa huko yanalindwa kisheria kama inavyolindwa mbuga.

Wapo wanaosema ndege wa porini aachwe kwa maumbile, atajitafutia. Hoja hii ingekuwa na uzito kama maumbile ndiyo yaliyoziba tundu. Aliyeliziba ni binadamu, na kulifungua tena ni kurudisha alichochukua. Wengine wanalalamikia kinyesi na gharama. Kinyesi ni kero halisi, lakini kinaepukika kwa kuweka masanduku upande usiopitwa na watu, mbali na milango. Gharama nayo ni ndogo: mbao chache au chungu kimoja cha udongo, na mlango wenye upana wa sentimita 6 na nusu hivi, unaompitisha kozi na kumzuia njiwa. Tena wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndege huyu analipa kodi ya pango kwa kula panzi na wadudu wengine wa mashambani, na malipo hayo anayatoa Ulaya na Afrika pia.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine: kiota kibovu kinaweza kuwa mtego. Huko huko Ureno, watafiti walikuta kwamba masanduku ya mbao yanayopigwa na jua kali hugeuka tanuri siku za joto, na makinda ambayo hayajajua kuruka hufia ndani. Ndege hulichagua sanduku kwa sababu linaonekana salama, kumbe limewekwa pasipofaa. Lakini kosa hilo linatufundisha kulifanya jambo kwa ufundi, wala halitupi sababu ya kuliacha. Sanduku liwekwe mahali penye kivuli au lielekezwe kusikopigwa na jua la mchana, na liwe na paa la pili linaloacha hewa ipite katikati. Tundu lililo ndani ya ukuta mnene hubaki na ubaridi kuliko mbao iliyoning'inizwa nje, na ndiyo maana kuliacha tundu la zamani ni bora kuliko kuliziba kisha kutafuta mbadala wake.

Ni lazima pia tukubali kwamba kiota peke yake hakimwokoi ndege. Habari za kozi mkubwa wa Amerika Kaskazini zinaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Katika miaka ya 1930 jozi moja ilikaa kwenye jengo refu la Sun Life mjini Montreal, Kanada, lakini mayai yaliharibika juu ya jiwe tupu. Mwaka 1940 watu waliwawekea boksi la mchanga na changarawe, na makinda yakapatikana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilienea mashambani, ikapenya hadi kwenye miili ya kozi na kufanya maganda ya mayai yawe membamba kiasi cha kuvunjika chini ya mama. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 kozi huyo hakuwa akizaa tena mashariki mwa Marekani, na hakuna boksi ambalo lingemsaidia. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, kozi waliozalishwa na wafugaji wakaachiwa, na ndipo maboksi kwenye madaraja na maghorofa yakawa na maana. Mwaka 1999 aliondolewa kwenye orodha ya wanyama wa nchi hiyo walio hatarini kutoweka. Castro Verde nako masanduku yamefaa kwa sababu yamezungukwa na mashamba ya nafaka na ya kupumzishwa, yenye wadudu wa kutosha.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Kozi mdogo hazai hapa, hivyo wajibu wetu kwake ni kutunza nyika na kupunguza sumu zinazoua chakula chake. Ila tuna mbuai anayezaa darini kwetu: bundi mwenye uso mweupe, mla panya, anayefukuzwa na kuuawa kwa kuogopwa kuwa ni mkosi. Naye kwa kuzaa anahitaji tundu tu. Basi unapokarabati paa la nyumba, ghala, msikiti au kanisa, kabla fundi hajachanganya saruji mwambie apande na tochi achungulie. Akikuta mayai au makinda, kazi ya upande huo isubiri hadi waruke, na tundu lao liachwe wazi.