Mtoto Anapumua Haraka: Hesabu Pumzi, Usisubiri



Huku Busia na Tororo malaria ni nyingi. Mtoto akipata homa usiku, wengi wetu humpa dawa ya malaria na kungoja. Lakini homa, kikohozi na kupumua haraka vinaweza kuwa nimonia, yaani homa ya mapafu, na dawa ya malaria haitibu nimonia. Mtoto anaweza pia kuugua yote mawili kwa pamoja.

Kwa nini anapumua haraka?
Nimonia hujaza mapafu maji na usaha. Hewa haiingii vizuri, hivyo mtoto huvuta pumzi mara nyingi zaidi. Malaria kali inayopunguza damu pia humfanya apumue haraka. Nyumbani huwezi kuzitofautisha. Ni lazima apimwe kliniki.

Utahesabuje?
Ngoja atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo, tazama kifua na tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika moja nzima kwa saa au simu. Anapumua haraka akifikisha:
- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi
- Mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi

Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Usingoje hata asubuhi ikiwa ana chini ya miezi 2, kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri. Akipewa dawa, amalize zote hata akipata nafuu. Usimpe vidonge vilivyobaki vya mtoto mwingine.

Namna ya kumkinga
Mwaka 2008 Wakenya waliokimbia vurugu za baada ya uchaguzi walivukia Busia na Malaba, na wengi wakawekwa katika kambi ya Mulanda, Tororo. Katika maisha ya kambi, msongamano ndani ya hema na moshi wa kuni huongeza hatari ya nimonia. Pikia nje, nawa mikono kwa sabuni, mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza.

Chanjo ya kukinga nimonia hutolewa Kenya tangu 2011 na Uganda tangu 2013. Kama mlivuka mpaka kabla hajamaliza, njoo na kadi yake aendelee. Hata kama kadi imepotea, mlete.