Utando Nyuma ya Jicho

Ndugu, ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna ngozi nyembamba sana iitwayo retina. Ndiyo inayopokea nuru. Mbele yake jicho limejaa ute mwangavu, kama ute wa yai. Mtu akipita miaka 50, mara nyingi ute huo hujitenga na retina, na pengine utando mwembamba huota juu ya retina. Utando ukijikunja, huikunja retina pia, kama uzi unavyovuta kitambaa. Hapo mwimo wa mlango huonekana umepinda, na mistari ya kitabu huyumba.

Jipime hivi: funika jicho moja, utazame mwimo wa mlango, kisha funika la pili.

Dawa ya matone haiondoi utando huu. Wala usitie maji ya majani, yanaweza kuharibu jicho. Wengi huendelea kuona vya kutosha bila kupasuliwa. Kwa watu wachache utando hubanduka wenyewe, nao huona vizuri tena. Ukizidi, mganga wa macho aweza kuuondoa kwa vyombo vidogo sana.

Lakini angalia! Utando kubanduka ni jambo moja, retina kubanduka ni jambo lingine. Ukiona ghafula mimweko ya nuru, madoa meusi mengi, au kivuli kama pazia, huenda retina yenyewe inabanduka. Haiumi, kwa hiyo watu hungoja. Wewe usingoje. Nenda kwa mganga siku ile ile, kwa maana ukikawia jicho laweza kupofuka kabisa.