Kabla ununue spika za kitambo, bonyeza sponji kwanza

Mwaka wa 2018 baba aliuza spika zake mbili ili nilipiwe karo ya muhula wa kwanza chuoni. Zilikuwa spika za mbao, nzito, kila moja inafika magotini. Alizinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa Mwingereza aliyekuwa akimwendeshea gari, wiki ile jamaa alipofunga virago kurudi kwao. Jumapili jioni, ploti yetu yote pale Kayole ilijua Les Wanyika wameingia.

Chuoni nilidumu mihula mitatu tu. Karo iliisha, nami nikaisha nayo. Baba hajawahi kunitupia hilo neno hata siku moja, na hiyo ndiyo huwa inauma zaidi.

Kwa hivyo mwaka jana, pesa ya kwanza ya maana iliponiingia kutokana na kazi ya kuandika mtandaoni, sikununua simu. Nilienda kutafuta spika kama zile.

Nikapigwa. Muuzaji mmoja wa mitumba ya vyombo vya umeme, wale wa mali ya ex-UK, alinionyesha mbili safi: mbao inang'aa, kitambaa cheusi mbele hakina hata tundu, nyuma imeandikwa 'Made in England'. Akaniwekea wimbo kwa sauti ya chini, sikio langu likaridhika. Nikatoa Sh6,000, nikapakia kwa boda, mbio nyumbani. Usiku nilipoongeza sauti kidogo, besi ikaanza kulia kama mtu anatafuna krispi ndani ya mfuko.

Kesho yake nilizibeba hadi Luthuli Avenue kwa fundi mmoja mzee. Aliangalia kwa sekunde tano.

"Kijana, ulifunua hiki kitambaa kabla ya kulipa?"

"Hapana, mzee."

"Basi ulinunua kitambaa."

Akakivuta. Ule ukingo wa sponji unaozunguka koni ulikuwa umegeuka makombo. Niliugusa na kidole, ukaanguka kama keki iliyokauka. Nilikuwa tayari kuzipeleka kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Mzee akacheka. "Hii haijafa. Imeoza sponji tu."

Kinachooza na kisichooza

Spika ni kitu rahisi kuliko unavyodhani. Nyuma kuna sumaku. Ndani ya sumaku kuna koili ya waya mwembamba, na koili hiyo imeshikana na koni, ile sehemu ya karatasi au plastiki unayoiona mbele. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koni inasukumwa mbele na nyuma, hewa inatikisika, unasikia gita. Muundo huu ulielezwa mwaka wa 1925 na wahandisi wawili wa General Electric kule Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Miaka mia baadaye, spika nyingi bado zinafanya kazi vivyo hivyo. Hakuna programu ya kusasisha na hakuna betri ya kuvimba. Ndiyo maana spika iliyoundwa kabla hujazaliwa inaweza kuchezwa na simu uliyonunua jana, mradi katikati kuna amplifaya.

Sumaku haichoki kirahisi. Koili haizeeki, huchomwa na watu. Kinachozeeka ni ule ukingo unaoishika koni ili icheze bila kuhama. Kama ni wa sponji, unyevu, hewa na mwanga huula polepole, na baada ya miaka 15 au 20 hivi unaanza kuvunjika hata kama spika ilikaa stoo bila kuguswa. Ukingo wa mpira hudumu zaidi, ingawa nao hukakamaa. Spika nyingi za zamani zaidi zina ukingo wa kitambaa, na huo unaweza kukuzika.

Kwa hivyo spika nyingi zinazotupwa zimekufia mahali pamoja, padogo, pa bei nafuu. Ukijua mahali hapo utapata mali ambayo wengine wanaikimbia. Usipojua, utalipa bei ya spika nzima kwa spika mbovu, kama mimi.

Kagua kabla ya kutoa pesa

Fundi alinifundisha mambo haya nikiwa nimekaa juu ya mtungi wa rangi, na sasa sinunui bila kuyafanya.

Funua kitambaa. Muuzaji akikataa, enda zako. Bonyeza ukingo polepole na kidole. Sponji nzima inanyumbuka na kurudi, mbovu inanata au inaacha unga.

Sukuma koni ndani taratibu, vidole vikiwa pande mbili ili isiende upande. Inafaa iende kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku, labda iliungua au ilihama. Huo ugonjwa ni ghali, usiuchukulie kimzaha.

Beba betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, na vipande viwili vya waya. Gusisha kwenye vichwa vya nyuma vya spika kwa sekunde moja. Koni ikiruka kidogo na kutoa 'tap', wufa iko hai. Kama una mita ya fundi, pima ukinzani: spika iliyoandikwa ohm 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Mita isiposoma kitu, kuna waya umekatika mahali.

Twita, ile ndogo ya juu, isikilize peke yake. Sogeza sikio karibu wakati wimbo wenye matoazi unachezwa. Twita nyingi huuawa na watu wanaofungulia amplifaya ndogo hadi mwisho. Sauti ikianza kukwaruza, twita inapikwa.

Halafu inua. Spika nzuri ya kitambo ina uzito. Boksi jepesi kama katoni huwa lilitoka kwenye redio za kaseti za bei ya chini, na sponji mpya haitaligeuza kuwa kitu kingine. Majina kama Wharfedale, iliyoanza Yorkshire mwaka wa 1932, au KEF ya Kent ya mwaka wa 1961, yanastahili kukufanya uiname uangalie vizuri. Lakini jina lisikulewe, kwa sababu kibandiko kinaweza kubandikwa na mtu yeyote. Angalia skrubu na uangalie nyuma.

Tahadhari moja ambayo imechoma pesa za watu. Spika za aina hii haziendi kwenye soketi ya ukutani, lakini amplifaya inaenda. Amplifaya iliyotengenezewa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Stima yetu ni 240. Soma nyuma kabla ya kuchomeka, la sivyo utanusa moshi.

Kuzirudisha uhai

Ringi mbili mpya za sponji zilinigharimu Sh1,400. Unapima koni kwanza, kwa sababu ringi ya inchi 8 haitakubali wufa ya inchi 10. Fundi alifanya ya kwanza mimi nikiangalia: akakwangua sponji ya zamani na gundi yote iliyobaki, akapaka gundi mpya, akaweka koni katikati kabisa, akaiacha ikauke hadi kesho yake. Ya pili akanisukumia. "Hii ni yako."

Nilikimbiza kazi. Ilipokauka, nikasukuma koni, ikakwaruza. Koili ilikuwa imeenda upande. Mzee hakusema kitu, alinipa tu kisu nianze upya. Mara ya pili ilikaa.

Pia aligundua spika moja ilikuwa imeunganishwa kinyume, waya mwekundu mahali pa mweusi. Ukifanya hivyo, koni moja inatoka nje wakati nyingine inaingia ndani, na besi inapotea katikati ya chumba. Watu wengine huuza spika nzima kwa kosa hilo, na dawa yake ni kubadilisha waya mbili tu.

Zikae miaka mingine

Usiziweke sakafuni ukiwa mtu wa kupiga deki kwa maji mengi. Boksi nyingi ni za mbao za unga uliogandishwa, na maji huzivimbisha kama mandazi. Weka hata matofali mawili chini. Usiziweke dirishani, jua linakula sponji. Mlio Mombasa na pwani yote, unyevu wenu unaharakisha kuoza na chumvi inashika vichwa vya waya, kwa hivyo tafuteni ukingo wa mpira mkiweza.

Usipake sponji wala mpira mafuta ya kujipaka au ya gari. Mwanzoni itang'aa, baadaye italegea. Vumbi liondoe kwa brashi laini. Kama boksi lina tundu la besi, angalia mende, wanapenda giza lile. Na kile kitambaa cha kushonwa ambacho mama huweka juu ya kila kitu kiache kikae. Chungu cha maua ndicho cha kutoa.

Nilizipeleka Kayole mwezi uliopita. Baba hakuuliza bei. Alivuta kitambaa cha mbele kabla hata sijaunganisha waya, akabonyeza ukingo na kidole gumba.

"Sponji ni mpya. Nani aliweka?"

"Hiyo ya kushoto ni mimi, baba."

Akabonyeza ya kushoto tena, polepole. Tukaweka Les Wanyika. Akasikiliza wimbo mzima amesimama, kisha akaniambia nizivute mbele kidogo, kwa sababu spika ikibanwa kwenye kona besi inazidi. Nikazivuta, akaketi.