Heshima ya Wazee na Mipaka Yake: Upare kwa Mizani ya Confucius

Confucius (551–479 K.K.) alifundisha kwamba nchi hutengemaa pale nyumba inapotengemaa. Mafundisho yake yana nguzo mbili. Ya kwanza ni xiao, yaani utii na wema wa mtoto kwa wazazi na wahenga wake. Ya pili ni li, dhana ambayo Kiswahili hakina neno moja la kuibeba, kwani ndani yake mna adabu, ada na matambiko kwa pamoja. Mara nyingi falsafa hiyo hufasiriwa kuwa ni utii mtupu wa mdogo kwa mkubwa. Historia ya Upare yaonyesha upungufu wa fasiri hiyo.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aeleza jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowapindua Washana, wafua chuma wa Ugweno, na jinsi Mranga alivyoimarisha dola kwa kuyaweka mafunzo ya mshitu, yaani jando la msituni, chini ya mamlaka ya utawala. Nchini China, mitihani ya kuteua maofisa, iliyoasisiwa mwanzoni mwa karne ya 7 na kufutwa mwaka 1905, ilikuja kujengwa juu ya maandiko ya Kiconfucius. Kule elimu ya utawala ilihifadhiwa katika maandishi. Huku ilihifadhiwa katika masimulizi na miiko. Lakini pote wawili mtawala alihitaji kwanza kuwalea watu katika ada.

Malezi hayo yalikuwa na manufaa ya dhahiri. Kutoka Ugweno hadi miteremko iliyo juu ya tambarare za Maore, kilimo kilitegemea ndiva, malambo yakusanyayo maji usiku ili yafunguliwe mchana. Ndiva huzibuliwa tope kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo jina lake limeingia katika Kiswahili cha Tanzania. Mzee aliheshimiwa kwa kuwa aligawa maji kwa haki.

Hapo ndipo maana ya mbiru inapoonekana. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na wakadiriaji wakawa watawala wa jadi wenyewe. Mnamo Januari 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuipinga. Wanawake wa Usangi nao waliandamana, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Watu waliolelewa kuwatii wakubwa walikuwa wamekataa kutii.

Mwanafalsafa Mencius, mfuasi wa Confucius wa karne ya 4 K.K., asingeshangaa. Yeye aliwatanguliza watu mbele ya mtawala, na alishikilia kuwa mtawala aachaye wema hupoteza haki ya kutawala. Kwa hiyo, Upare na China pia, heshima ilikuwa deni la pande mbili. Anayeitafsiri dhana ya li kwa neno “utii” pekee huandika upande mmoja tu wa deni hilo.